Ngozi Niliyoiacha Mombasa

Wenzangu, mmenichosha. Kila nikishuka mtoni kuteka maji namkuta mmoja wenu ameshatua debe chini, ananingoja nimweleze yaliyonipata Mombasa. Na kila mmoja ana kipande alichosikia kwa mwingine, na vipande vyenyewe havifanani. Kuna aliyeniambia usoni kwamba hii mikono si yangu, nimetiwa ya maiti. Basi kwa kuwa marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alinifundisha kushika kalamu pamoja na kaka zangu, nimeamua kuandika. Anayejua kusoma awasomee wengine, na mniache niteke maji.

Mnajua nilivyokuwa. Nilikuwa mwanamke mnene, nikipita harusini watu wananisogezea jamvi. Kisha ikaja ile homa iliyonilaza msimu mzima, nikainuka mifupa mitupu. Mwili ulikwisha, ngozi ikabaki palepale ilipokuwa. Ya tumboni niliifunika kwa leso. Ya mikono ndiyo iliyonishinda. Kuanzia kwapani hadi kiwikoni ilining'inia kama mfuko uliokwisha nafaka, na nikiinua mchi inanipiga mbavuni. Jasho likakaa katika mikunjo, ikachubuka, ikafanya vidonda, na vidonda vikatoa harufu. Nikaacha kutwanga. Nikaacha kufukuza ndege kwenye mpunga, kwa sababu ndege hafukuzwi na mtu asiyeweza kupunga mkono.

Daktari aliyekuwa akizungukia vijiji alivitazama vidonda akasema havitapona maadamu ngozi ile ipo. Akasema Mombasa yuko mpasuaji anayetengeneza ngozi za watu walioungua, huenda akaweza kuipunguza. Sitawaficha: vidonda vilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa aibu. Tangu nilipougua, Buya mume wangu hakuwahi kuniambia neno baya, lakini nilikuwa nikivaa gauni la mikono mirefu hata ninapolala.

Ndera hadi Garsen, kwa mtumbwi

Buya hakuweza kunisindikiza. Mafuriko yalikuwa yameanza kupungua na ukingo wa mto ulikuwa umelowa vizuri. Asingepanda wakati ule tusingekula mwaka mzima. Akabaki na mwanetu Jilo, akamtuma dada yake Hawa. Mnamjua Hawa na ulimi wake. Tangu nilipoolewa katika nyumba ile hatukuwahi kukaa kivuli kimoja tukamaliza mazungumzo bila mmoja kuinuka kwa hasira.

"Nakwenda," alimwambia kaka yake mbele yangu, "ili akifa kusisemwe kwamba watu wa mume walimwacha afe peke yake."

Hivyo ndivyo nilivyoagwa.

Mpiga kasia wetu alikuwa mzee Maro. Nilikaa katikati ya mtumbwi, Hawa mbele, kapu la ndizi na samaki wa kukaushwa baina yetu. Asubuhi mto ulikuwa kimya, nikataka kuchovya mkono nipooze vidonda. Mzee Maro akaacha kupiga kasia.

"Toa mkono, mama. Wewe una kidonda. Mamba anaonja maji kama sisi tunavyoonja mchuzi."

Niliutoa haraka hata mtumbwi ukayumba. Nilimwona Hawa akisogea mbali nami mpaka magoti yake yakagusa ncha ya mtumbwi. Toka hapo kila gogo lililoelea nililiona lina macho.

Penye kona moja tulikuta viboko wamejaa mto mzima, jike na mtoto wake katikati. Mzee Maro akatupeleka kwenye mchanga, tukateremka, tukakaa kuwangoja wapende wenyewe kuondoka. Jua lilipanda, likashuka. Tulichoma ndizi. Nzi wakanijia kwapani, nami nilikuwa sina raha ya kuwafukuza mbele ya mwanamume, nikajifunga leso hadi shingoni na kutokwa na jasho. Niliwaza: kama nauogopa mto niliozaliwa ukingoni mwake, nitafanyaje mbele ya kisu?

"Tukirudi sasa hivi," nilimwambia Hawa, "Buya atasemaje?"

"Atasema una akili," Hawa akajibu.

Ningerudi. Wallahi ningerudi. Lakini mzee Maro akasema mtumbwi kupanda juu dhidi ya maji yale ni kazi ya vijana wawili, na yeye ni mzee mmoja. Basi viboko walipotawanyika tukaendelea kushuka.

Garsen, kungoja lori

Lori la kwenda Malindi lilikuwa ng'ambo, upande wa Witu, na pantoni haikuweza kulivusha kwa sababu ya kasi ya maji. Tulifikia kwa binamu yake Buya, na mchana tulishinda kwenye baraza ya duka pamoja na wasafiri wengine, tukilitazama lile lori ng'ambo kama watu wanaotazama chakula cha jirani.

Hapo barazani alikuwepo mama mmoja wa Kilelengwani aliyekuja kuuza mchele. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao, kitamu, hata jambo la kutisha akilisema linapendeza.

"Mwenda wapi, wanangu?" akatuuliza.

Hawa akamweleza kila kitu, hata nilivyokuwa nikinuka.

Yule mama akashusha sauti. "Hospitali ya Mombasa? Na mumiani je?"

Wenzangu, habari za mumiani mmezisikia, wale watu wanaosemwa kwamba hukamata wageni, wakawafyonza damu wafanyie dawa. Huku kwetu ni hadithi ya kuwatishia watoto. Yule mama alizisimulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alisema hukutilia kitambaa puani, ukasinzia, na ukizinduka, kama utazinduka, huna nguvu ya kusimama. Alisema wana gari lao, jekundu.

Mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa ameegemea fimbo yake akacheka. Akapandisha shuka akatuonyesha paja lake, lina kovu refu lililojikunja.

"Mimi naingia hospitali," akasema. "Simba nashika hapa. Dakitari nakata, nashona. Mimi natoka. Damu yangu iko."

"Wajuaje kama imebaki yote?" mama wa Kilelengwani akamuuliza.

Yule mzee akafikiri sana. Akalitazama kovu lake. Hakujibu, akashusha shuka, akaenda zake kwa ng'ombe wake. Nilitamani angejibu. Usingizi wangu wote wa Garsen ulikuwa ni swali lile.

Garsen hadi Malindi, juu ya ngozi

Pantoni ilipovusha lori, kumbe limejaa ngozi za ng'ombe zilizokaushwa, na abiria tulipandishwa juu yake. Dereva alikuwa kijana wa Malindi, Salimu, mcheshi, mpenda habari.

"Wewe ndiye unayekwenda kukatwa?" aliniuliza kabla hata sijakaa. Nikajua Garsen nzima imeshaambiwa.

Nilikaa juu ya zile ngozi. Zilikuwa ngumu, zinatoa sauti tukiyumba, na bado zilikuwa na alama za moto za wenyewe. Nilijaribu kutazama miti, lakini macho yalirudi palepale. Nilijiuliza mtu anayekata ngozi huanza wapi, na huishika vipi isiteleze.

Tulikwama katika matope meusi kabla hatujafika mbali. Wanaume walishuka, wakakata matawi, wakayalaza chini ya magurudumu. Lori lilinguruma, likatoka, likakwama tena hatua chache mbele. Mvua ikaja. Salimu akatoa turubai, tukajibanza chini yake pamoja na ngozi, na harufu ya ngozi zile ikachanganyika na yangu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeweza kusema ni mimi. Wachungaji wa Kiorma waliokuwa wakipita walituletea maziwa ndani ya kibuyu, yana harufu ya moshi. Tulikunywa sote kwa zamu. Hawa alikunywa, akafuta mdomo wa kibuyu kwa leso yake, akanipa mimi. Nilidhani anafuta kwa sababu nyingine, nikaudhika. Baadaye sana ndipo nilipojua alitaka nipate pasafi.

Malindi hadi Mombasa

Malindi tulikula mahamri na maharage ya nazi kwa mke wa Salimu, kisha tukapanda basi. Kilifi kuna mkono wa bahari, na basi zima huingia juu ya pantoni likavutwa na wanaume kwa mnyororo, huku wanaimba na kukanyaga mbao kwa miguu. Hawa alikataa kupanda. Alikaa chini ufukweni akasema yeye hatavushwa na watu wanaocheza ngoma. Abiria wakapiga kelele, kondakta akasihi, mwishowe mmoja wa wavutaji akaja akamwinamia.

"Shikamoo mama. Tukinyamaza utapanda?"

"Marahaba. Mkinyamaza nitapanda."

Basi pantoni ikavuka kimya, wanaume wanavuta bila wimbo, mnyororo unalia peke yake. Ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa kama kusindikiza jeneza. Nilimwomba Hawa awaruhusu waimbe, naye akazidi kufumba macho.

Na daraja la kuingilia Mombasa nalo linaelea juu ya maji. Nilihisi linashuka chini ya uzito wetu kisha linapanda. Nilisoma kila sura ninayoijua, nyingine mara mbili.

Tulipoteremka mjini tukaanza kuulizia njia ya hospitali, mara tukasikia kengele inalia na watu wanapisha barabara. Likaja gari kubwa, jekundu lote, limejaa wanaume waliovaa kofia za chuma.

"Hao!" Hawa akapiga ukelele.

Sikumbuki tulivyokimbia. Nakumbuka tulikuwa chini ya meza ya fundi cherehani, Hawa juu yangu, na mikono yangu inaniuma kama moto. Fundi akachungulia chini ya meza.

"Mmepotelewa na nini, mama zangu?"

"Mumiani!" Hawa akamwambia. "Funga mlango!"

Yule fundi alicheka hata akashika tumbo. Akatueleza lile ni gari la kuzimia moto, kuna ghala linaungua huko bandarini. Akatuagizia kahawa na kashata. Mimi nilimwamini. Hawa aliinywa kahawa, lakini aliniambia sikioni: "Na kama kweli ni la moto, mbona tunakokwenda ndiko lilikoelekea?"

Wodini

Kitanda changu kilikuwa cha pembeni. Jirani yangu alikuwa mama wa Kigiriama, Kadzo, aliyeangukia moto shingo ikashikana na kifua, naye alikuwa ameshakatwa na kushonwa mara nyingi. Alikuwa akiongea huku anatazama dari, kwa sababu bado shingo haikugeuka.

"Usiogope, mwanangu. Kuamka ndiko kubaya. Kulala si kitu."

Hawa aliruhusiwa kuja mchana tu. Alikuwa akilala kwa jamaa ya yule fundi cherehani, maana ile kahawa ilizaa urafiki.

Daktari mpasuaji alikuwa Mzungu mrefu mwenye nyusi nyekundu. Alinishika ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaivuta, akaikunja, akachora mstari wa wino kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko. Macho yake yalikuwa kwenye ngozi, hayakunitazama usoni. Kisha akasema kwa Kiswahili chake:

"Kesho wewe talala. Wewe hapana amka. Mimi takata, wewe hapana jua kitu."

Nikamwuliza, "Sitaamka?"

"Hapana amka," akasema, akatabasamu, akanipiga begani, akaenda kitanda kingine.

Niambieni, mngefanya nini? Nilikaa na mstari wangu wa wino. Jioni wakapita na ugali na maharage, wakaniruka. Nikaomba, sista akatikisa kichwa. Nikasema moyoni: ndiyo hivyo, mtu wa kufa hapotezewi chakula.

Alfajiri nilivaa buibui langu nikatoka. Nilipita mlangoni, nikapita uani, nikafika kwenye lango la barabarani, na pale nikakutana na dresa mmoja Mdigo, mfunga vidonda, anaingia kazini, ameshika kofia mkononi.

"Dada, unakwenda wapi na wino mkononi?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia daktari mwenyewe amesema sitaamka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na mpaka leo namwombea dua kwa kutocheka. "Anataka kusema hutaamka kisu kikiwa kinafanya kazi," akasema. "Kikimaliza, utaamka. Kiswahili chake amekijifunza shambani. Na chakula wanakunyima usije ukatapika usingizini." Akanionyesha lango kwa kofia yake. "Lakini sitakudanganya. Wako wasioamka. Wachache. Ukitaka kwenda, lango hili hapa, mimi sitakushika."

Nilisimama. Gari la mkate likapita. Nilichokifikiria hakikuwa cha maana: nilifikiria lile lori na ngozi zake, na kukaa tena juu yake nikirudi nyumbani na hii yangu inaning'inia. Nikageuka, tukarudi naye.

Mkono wa kulia

Walinifunika pua kwa kitambaa. Harufu ilikuwa tamu na kali, kama kitu kilichooza ndani ya sukari. Nikakumbuka maneno ya mama wa Kilelengwani, neno kwa neno, nikajaribu kuinuka, mtu akanishika mabega. Nilisikia kengele mbali. Basi.

Kadzo alisema kweli, kuamka ndiko kubaya. Nilitapika. Mkono ulikuwa umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga, na ulikuwa ukipiga kwa mapigo ya moyo. Kisha nikahisi ubavu wangu umelowa, joto. Nikadhani nimejikojolea. Ilikuwa damu.

Yaliyofuata nimeelezwa na Kadzo, aliyeyasikia akitazama dari. Sista alikimbia, daktari akaja, wakanifungua, wakanifunga. Nilikuwa mweupe mdomoni. Wakasema natakiwa kutiwa damu ya mtu mwingine, na ndugu ndiye wa kuombwa kwanza. Hawa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu chake.

Yule dresa akamweleza: watamchoma sindano mkononi, watatoa damu ijae chupa, kisha watanitia mimi.

Mfikirieni Hawa. Hawa aliyelala chini ya meza ya cherehani. Kadzo alisema kikapu kilianguka, machungwa yakabingirika chini ya vitanda.

"Akikosa?" Hawa akauliza.

"Akikosa hatafika kesho."

"Na mimi nitabaki na ya kunitosha?"

"Utabaki nayo, mama. Utasikia kizunguzungu tu."

"Chukueni," Hawa akasema. "Lakini nataka kuiona inakoingia. Isipite mlango mwingine."

Ilipimwa, ikafaa, ikachukuliwa. Nilipofumbua macho nilimwona ameketi kwenye kibao kando ya kitanda, uso wa kijivu, leso imemtoka kichwani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ametolea macho ile chupa iliyotundikwa juu yangu, akiufuata mpira wake chini mpaka mkononi mwangu, tone kwa tone, kama mtu anayelinda mpunga. Alikaa hivyo mpaka chupa ikawa tupu.

"Imeingia yote," akaniambia. "Toka leo ukinijibu vibaya, unajijibu mwenyewe."

Nililia. Yeye akaanza kuokota machungwa.

Siku iliyofuata alidai ngozi yangu. Alisema kitu cha mwili wa Mwislamu hakitupwi. Sista hakuelewa, dresa akaenda akaomba, wakampa imefungwa kwa kitambaa. Akaipeleka makaburini. Mchimbaji akamwuliza maiti iko wapi, Hawa akamwambia iko wodini inakunywa uji. Ikazikwa vizuri, Hawa mwenyewe akaitilia udongo.

Njiani akirudi alikutana na Salimu, yule dereva, amekuja mjini kutafuta spea, naye yuko safarini kurudi Garsen. Hawa akampa salamu za kumpelekea Buya kupitia kwa binamu yake. Aliniambia mwenyewe alivyosema: "Mwambie mkono mmoja umeshakatwa, tumeshazika, bado wa pili." Mimi nikaona ni salamu nzuri, fupi.

Mkono wa kushoto

Mara ya kwanza nilikuwa nikiogopa nisichokijua. Sasa nilikuwa nakijua. Kidonda cha kulia kilifunguka mahali pawili kikachelewa kupona, na kila asubuhi bandeji ilitolewa ikiwa imeganda, nikauma leso. Daktari alipokuja na wino wake nikaficha mkono wa kushoto chini ya shuka kama mtoto.

"Twende nyumbani," nilimwambia Hawa. "Huu mmoja unanitosha."

Nilidhani atakubali. Akasema, "Mimi sitii neno. Safari hii amua mwenyewe."

Kilichoamua ni kuoga. Walikuwa wameniruhusu kunawa, nikainua mkono wa kulia polepole, na kwapa lilikuwa kavu. Kavu, wenzangu. Halina harufu ya kitu chochote. Nikainua wa kushoto, harufu ikanijia puani. Nilisimama pale baina ya mikono miwili kwa muda mrefu, maji yananipoa mwilini. Nilitetemeka, na sikuacha kutetemeka mpaka kitambaa kiliponifika puani tena. Lakini mkono nilikuwa nimewapa.

Huo wa pili haukutoka damu nyingi. Sina la kusimulia zaidi ya maumivu, nayo hayasimuliki.

Kurudi Garsen

Tuliagana na Kadzo, ambaye bado alikuwa na safari yake ya kukatwa. Nilimbusu kwenye paji la uso kwa kuwa kichwa hakikuinuka. Sikumwona tena, na sijui kama shingo yake iligeuka.

Kilifi Hawa alipanda pantoni bila kuulizwa, akawaambia waimbe. Kutoka Malindi tulipata lori jingine, la unga. Mikono yangu yote miwili ilikuwa bado na bandeji, na kwa sababu ya vumbi Hawa aliifunga kifuani kwangu, akanifunika buibui juu yake, kwa hiyo kwa nje sikuonekana na mkono hata mmoja.

Tulipofika Garsen niliona watu wengi barazani kuliko kawaida. Sikujua kama wametungoja sisi. Nilipoteremshwa, Hawa amenishika kiunoni, mwanamke mmoja akapiga yowe, akafuatia mwingine. Mzee akasema, "La haula." Mama aliyekuwa na mtoto akamgeuza mtoto uso.

Nikaogopa kuliko mahali popote nilipopita. Nilidhani Buya amekufa.

"Ni nani?" nikapiga kelele. "Nani amekufa?"

Wakapisha katikati, akatoka Buya. Alikuwa amekonda. Alikuja mpaka mbele yangu akatazama kifuani kwangu, mahali ambapo buibui limelala bapa, midomo inamcheza.

"Salimu ametuambia," akasema. "Yote miwili. Na kwamba mmeizika. Si kitu, mama Jilo. Nitalima, nitatwanga. Umerudi, basi."

Hawa akaelewa kabla yangu. "Ya Rabi," akasema, "mmefahamu nini?" Akalishika buibui langu akalifungua pale pale, mbele ya Garsen nzima, akaanza kunifungua vitambaa. Mimi niliyekuwa nikilala na gauni la mikono mirefu, nilisimama uwanjani mikono wazi mpaka mabegani, na mishono imenipita kama ya gunia, myekundu, na mtu yeyote aliyetaka kutazama akatazama. Nikaiinua. Haikufika juu sana, mpaka leo haifiki, na kidole changu kidogo cha kulia hakina hisia. Niliiinua kadiri ilivyoweza.

Buya akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, akivibonyeza, mpaka vikaisha. Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Nyumbani kwa binamu yake tuliletewa wali na kambale. Nilinawa, nikavuta sahani. Buya alikuwa ametia mkono katika mfuko wa shati, hautoki.

"Umeshika nini?" nikamwuliza.

Akawa hataki kusema. Hawa akamvuta mkono. Kilikuwa kijiko, kipya, cha duka. Nyumba yetu haijapata kuwa na kijiko. Sisi sote hula kwa mkono.

"Nilifikiri," Buya akasema, "nitakuwa nikikulisha."

Mbele yangu mkono wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye wali. Nikaurudisha pajani. Nikafungua mdomo, nikangoja.